Mashati ya Baba Mueni

Nakumbuka Ijumaa moja, Pasaka ikikaribia, nilipotaka kumfurahisha mtu nikakaribia kumvunja moyo. Mwanangu, nilikuwa na umri kama wako, mgeni hapa Doha, mwenye nguvu nyingi kuliko akili.

Niliishi chumba kimoja na Mama Mueni, pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Alikuwa Mkamba mtu mzima, na alinipokea kama bintiye. Kabla ya kuja huku alifanya kazi miaka mingi Nairobi kwa bibi mmoja Myahudi, mjane. Mara nyingi alinisimulia jinsi nyumba ile ilivyosuguliwa kila Pasaka ya Wayahudi, na bibi alivyozunguka na mshumaa akitafuta chembe za mkate wenye chachu hadi nyuma ya kabati. Asubuhi yake zilichomwa moto.

Basi siku hiyo, yeye akiwa kazini, nikasema nimfanyie usafi wa Kiyahudi. Nikasugua, nikafagia, nikatupa. Makopo matupu ya maziwa aliyoyapanga dirishani, nje! Chini ya kitanda chake nikavuta mfuko wa mashati ya kiume yaliyochakaa kola, nao nikaupeleka kwenye pipa la taka. Nilijiona hodari kweli.

Mama Mueni aliporudi aliinama akapapasa chini ya kitanda. Kisha akauliza, "Mfuko ya shati za baba Mueni iko wapi?"

Mumewe alifariki yeye akiwa huku, na hakupata ruhusa ya kwenda kumzika. Kumbe mashati yale aliletewa kutoka nyumbani, naye alitaka kuunga vipande awashonee watoto blanketi, wajifunike nguo ya baba yao. Nilishuka ngazi mbio, bila viatu. Gari la taka lilikuwa limeshapita, pipa ni tupu. Nikakaa kando ya barabara nikalia.

Ndipo haris, mlinzi wa jengo letu, akatoka kibandani kwake na mfuko mkononi. Aliona pipani nguo zimefuliwa na kukunjwa, akazitoa na kuziweka, huenda mtu akazitafuta. Sijawahi kupumua vile maishani! Nilimshukuru kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, hata kwa Kikamba ambacho sikijui.

Mama Mueni aliyakumbatia yale mashati, akalia, akacheka, kisha akanirudi.

"Wewe msichana, hadithi yangu ulishika nusu. Wale wanatoa chachu, hawatoi nyumba! Na unajua bibi alikuwa anaichoma na nini? Lile tawi la mtende walilobeba kwa Sikukuu yao ya Vibanda, nusu mwaka nyuma. Limekauka miezi yote hiyo, na hajalitupa. Alikuwa ananiambia, kitu kikishafanya kazi moja njema, kitafutie ingine."

Tulikata shati la kwanza pamoja, chai ikichemka.

Mwanangu, Torati inakataza kukata mti wa matunda hata wakati wa vita, seuze kutupa shuka nzima kwa kuwa umeichoka? Nawaona mkimaliza mkataba, mnavyorundika sufuria na mablanketi kando ya pipa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kutupa, jiulize kitu hicho bado kinaweza kumfaa nani. Na kama si chako, muulize mwenyewe kwanza, maana majuto ni mjukuu.

Mungu akupe mikono ya kutengeneza kuliko ya kutupa, akurudishe kwenu salama, uwakute wote wazima.