Barua Iliyoshonwa Kama Gunia

Saa mbili asubuhi, Gladwell Wakonyo anadunga sindano kwenye mdomo wa gunia la mahindi, anavuta uzi, kisha anageuza shingo kutazama ukutani. Kwenye msumari kumeninginizwa simu yake ndani ya karatasi ya mkate, isiingie vumbi.

Anadunga tena. Anatazama tena.

"Mama Tabby, utajishona kidole, bana," anaambiwa na Nasike, mwenzake kutoka Ndalu, ambaye anachagua mahindi mabovu kando yake. Gladwell hacheki.

Katika stoo hii ya Kibomet, mjini Kitale, mama huyu wa miaka 52 anajulikana kwa mshono wake. Hulipwa shilingi kumi kwa gunia, na siku nzuri hushona hamsini. Kimutai, mwenye stoo, anasema gunia la Gladwell hata likirushwa kutoka juu ya lori halifunguki.

Lakini leo mawazo yake hayako Kibomet. Bintiye Tabby, mwenye miaka 26, yuko njiani kwenda Poland kufungasha mboga katika shamba la nyumba za vioo. Tiketi waliyomudu ndiyo ile ya bei nafuu, ya kumzungusha mtu: Nairobi, Addis Ababa, Istanbul, kisha Warsaw. Ng'ombe wawili wa maziwa waliokuwa nyumbani Saboti wamekwenda na tiketi hiyo.

Addis Ababa, Tabby alingoja kwa muda wa saa tisa. Jana asubuhi akatuma ujumbe: "Mama, sasa tunapanda." Tangu hapo, kimya. Kule Istanbul anapaswa kungoja usiku kucha, na ndege ya mwisho inaondoka leo saa nne asubuhi. Asiporipoti kazini kesho, nafasi yake atapewa mwingine.

"Sijui kama amekula. Sijui kama amelala kwa kiti ama kwa sakafu," anasema Gladwell. "Mtu anaweza potea kwa uwanja, ama si ndiyo? Ati huo wa Istanbul ni mkubwa kuliko Kitale mzima."

Saa tatu na dakika tano simu inalia. Namba ni ngeni. Gladwell anairarua karatasi ya mkate kwa meno.

Ni Tabby, na analia. Simu ni ya Ladan, mama Mkenya anayesafiri kwenda kwa wanawe, ambaye amemkuta akilia peke yake kwenye kiti. Laini ya Tabby haishiki huko, na mtandao wa uwanjani unataka namba ya siri inayotumwa kwenye laini hiyohiyo.

Ila hilo silo linalomliza. Mlangoni pa ndege wanataka kuona barua ya kazi yenyewe. Nairobi na Addis Ababa waliridhika na nakala. Istanbul wamekataa, na mlango unafungwa saa nne kasorobo.

"Si anayo hiyo barua?" Kimutai anauliza kwa sauti.

Anayo. Tatizo ni mahali ilipo. Usiku wa kuamkia safari, Gladwell aliichukua barua hiyo, akaifunga kwa nailoni, akaishona ndani ya bitana ya koti la binti yake. Alitumia sindano ya gunia na uzi wa bluu wa manila, akaupitisha mshono kwenda na kurudi mara mbili.

"Niliambiwa huko njiani kuna wezi," anaeleza, uso umemshuka. "Nikashona vile nashonanga gunia. Sikufikiria atatoa aje."

Na ukishapita ukaguzi, uwanjani hakuna mkasi, hakuna wembe. Tabby amejaribu ufunguo wa sanduku, amejaribu kucha. Mama yake hashoni mshono wa mchezo.

Gladwell anasimama katikati ya stoo, simu sikioni, macho amefumba. "Wacha kulia, nisikize. Guza kwapa la kushoto. Hapo ndipo nilianza, kuna fundo. Usivute! Ukivuta inakaza. Sokotoa uzi kinyume mpaka uachane, halafu ukate na meno nyuzi moja moja. Vile nilikuonyesha ukiwa mdogo, hapa hapa kwa stoo."

Simu inakatika. Anapiga. Haishiki. Anapiga tena.

Dakika zinazofuata ni ngumu hata kwa mgeni anayetazama. Lori la Kimutai limesimama mlangoni likingoja mzigo, lakini hakuna anayemharakisha mama huyu. Anajaribu kutia uzi kwenye sindano iliyo na tundu la kupitisha kidole cha mtoto, na mara tatu anakosa. Nasike anamtilia. Gunia analoshona linatoka mshono umepinda, na yeye mwenyewe analifumua.

Saa nne kasorobo inapita. Saa nne inapita.

"Ni mimi nimemfungia," anasema polepole, bila kumwambia mtu yeyote.

Saa nne na robo simu inatoa mlio. Ni sauti ya Ladan, imerekodiwa: "Mama Tabby, msichana ameingia, walahi. Alikuwa wa mwisho. Mdomo umetoka damu kidogo, lakini barua imetoka nzima." Chini yake kuna picha ya vipande vya uzi wa bluu kwenye sakafu inayong'aa.

Gladwell anakaa chini juu ya mahindi. Analia, anacheka, anampa Nasike simu ili naye aone.

Bado kuna safari ya muda wa saa mbili na nusu angani, na bado kuna mtu wa kumpokea Warsaw ambaye hawajawahi kumwona. Hofu haijamtoka. Lakini mkataba ni wa miaka miwili, na Gladwell ameshapanga: mshahara wa kwanza Tabby anunue laini ya huko, ng'ombe baadaye.

"Na akija likizo, akirudi huko nitamshonea tena," anasema, akilivuta gunia lingine. "Siwezi wacha mtoto aende hivyo hivyo. Lakini hiyo siku nitamwachia ncha ya uzi nje."