Bibi Mwanahamisi katutolea wanaume ukumbini

Jamani, leo bosi wangu kafukuzwa ukumbini na bibi asiyeongea!

Nahudumia wazee kwenye makao yao hapa Kibaha. Kila Jumatano tunapiga ngoma na kuimba nao, wachangamke.

Bibi Mwanahamisi katokea Kisarawe. Tangu aletwe hajasema neno. Nikimpa shikamoo, anatazama ukuta.

Leo nikajitia mjuzi. Nikapiga ngoma ya kumtoa mwali, niliyoisikia utotoni nyuma ya ua wa jirani.

Ghafla: "Wanaume tokeni! Hii ni ya wanawake."

Ni yeye!

Babu zetu wanne wakatoka na mikongojo yao. Bosi akabaki anacheka.

"Na wewe!"

Akatoka.

Kisha bibi akanigeukia mimi. "Wewe ulichezwa unyago?"

"Hapana, bibi."

"Sasa unaipigaje? Kaa chini."

Nikakaa mkekani na sare yangu ya kazi. Bibi zetu wote wakaniimbia, yeye akiongoza. Nimelia, sifichi.

Jioni namuaga kama kawaida, "Shikamoo bibi," nikageuka bila kungoja jibu.

"Marahaba, mwali. Kesho njoo na khanga."

Nyie, mwenzenu sina khanga ya maana. Nani ataniazima?