Posa ya Mama

Mama yetu aliposwa akiwa tayari ana wajukuu. Mposaji alikuwa mgane, mkulima wa Kikole, aliyezoea kuja Mchinga kumtazama dada yake. Mama alitueleza mimi na mdogo wangu tukiwa uani tunakuna nazi. Hakuinua macho.

"Kuna mtu ameniposa. Na mimi nimeridhia."

Mdogo wangu akapiga kigelegele, kisha akajiziba mdomo. Mimi nilicheka kwa furaha. Tangu baba afariki, sikuwahi kumsikia mama akisema "mimi" kwa jambo analolitaka yeye.

Dada yetu mkubwa anaishi Lindi mjini. Habari zilipomfikia, alikuja asubuhi ya pili yake na hakutaka hata kukaa.

"Mama, kitanda cha baba unamwekea nani?"

Mama alikuwa anamenya muhogo. Kisu kikasimama.

"Dada, hajakuomba ruhusa," nikasema.

"Wewe nyamaza. Ndiwe unayemtia ujinga."

Mimi ndiye niliyekaa na mama miaka yote. Malaria ikimlaza, namwogesha. Dada huja Idi, hula, hupiga picha na mama, huondoka. Siku hiyo ndiyo akaijua aibu!

Aliondoka kwa hasira, nasi tukadhani yamekwisha. Lakini haikupita wiki, mposaji akarudishwa. Mjomba wa Milola, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa walii wake, naye alikataa kumwozesha. Mama hakulalamika. Aliacha kujipaka wanja, akawa anashinda chumbani.

Nikampigia mjomba simu nimuulize sababu. Kabla sijauliza, akaanza yeye: "Pole, mwanangu. Mnamuuguzaje mama yenu na maradhi hayo ya akili? Dada yako kaniambia hata wajukuu hawakumbuki tena."

Nikakata simu. Mtoto aliyembeba tumboni, kumwita mama yake mwendawazimu ili asiolewe!

Sikumficha mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuoga, akavaa baibui. "Twende Milola," akasema.

Tulimkuta mjomba barazani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu ukae, hujambo kidogo?"

Mama hakukaa. Alisimama palepale akamtajia wajukuu zake wote, mmoja mmoja. Kisha akataja na wa mjomba mwenyewe, mpaka kichanga ambacho hakijamaliza arobaini. Mjomba akainamisha kichwa.

"Sasa niozeshe," mama akasema. "Au bado mimi ni kichaa?"

"Nisamehe, dada yangu. Nilidanganywa."

Ndoa ilifungwa Ijumaa baada ya swala. Dada hakuja.

Sasa mama yuko Kikole, kanenepa, anacheka ovyo. Na dada huenda huko! Hupokewa, hupikiwa, hurudi mjini na kapu la mihogo, bila kutamka neno la kuomba radhi. Mama huniambia, "Mwanangu, mimi nimeshamsamehe."

"Wewe umesamehe lako, mama," humjibu. "Langu bado."

Idi iliyopita tulikutana huko. Dada alimsifia baba wa kambo mbele ya wageni, eti Mungu ametuletea mtu mwema. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo. Nilizigonganisha sufuria kwa makusudi, asikie.