Mwenye Duka wa Kidato cha Pili

Mtaani kwetu Ilala wananiita mwali, na sijawahi kubisha. Mwali ni msichana anayewekwa ndani asionwe na watu. Mimi ni mwanaume mwenye kitambi na cherehani, na aliyeniweka ndani ni mimi mwenyewe. Nashona sare za shule dirishani. Zipu zikiniishia navuka hadi Kariakoo, nanunua, narudi kabla chai haijapoa. Majirani wakiniona barabarani huulizana msiba uko wapi.

Nyumba yetu ni ile ya korido katikati na vyumba pande zote. Mimi nakaa mkono wa kulia, dada yangu na binti yake wanakaa mkono wa kushoto. Dada hafanani nami hata kidogo. Kwa miaka mingi alikuwa anatoka alfajiri kwenda kutandika turubai mbele ya duka moja la vitambaa Kariakoo, anauza nguo za mtumba za watoto. Halafu machinga wote, waliokuwa wanauza pembeni mwa barabara, wakaambiwa wapishe njia, wakapewa sehemu nyingine huko ndani kabisa, ambako mteja hafiki mpaka awe amepotea. Dada hakulia wala hakulaani. Alirudi na turubai lake begani, akalikunja, akalisukuma chini ya kitanda, na kesho yake akaenda kuwasubiri waliopotea.

Jioni moja binti alirudi kutoka shule, akasimama mlangoni kwangu bila kuvua begi. Nikajua kuna jambo, maana huyu mtoto si wa maneno mengi, na akikosa la kusema kwa mama yake huja kulikosa kwangu.

Ilikuwa habari ya mwalimu wao wa Uraia. Wakati wetu somo hilo lilikuwa kazi ya mkono tu. Mwalimu aliandika ubaoni tatizo la kijamii ni nini, sababu zake, athari zake na njia za kulitatua, nasi tukanakili. Nilikariri njia zote za kuondoa umaskini na nikafaulu vizuri tu. Umaskini wenyewe haukupata habari. Huyu mwalimu wa sasa, kijana mwembamba anayetembea kama anachelewa basi la mwendokasi, hataki kunakiliwa. Yeye anaitisha mkutano darasani. Safari hii mada ilikuwa njia ya waenda kwa miguu: ni ya nani, ya mpita njia, ya machinga au ya mwenye duka? Na ana sharti lake moja gumu, kwamba mwanafunzi haruhusiwi kusemea upande wa nyumbani kwao. Mtoto wa dukani anakuwa machinga, na mtoto wa machinga anakuwa mwenye duka. Wazazi wataalikwa kukaa nyuma. Mwishoni wanaweza kuuliza, ila wamuulize mhusika anayeigizwa, si mtoto.

"Anko," binti akaniambia, "nitamwambiaje mama aondoke mbele ya duka langu?"

Nikampa ushauri wa kitaalamu: augue tumbo. Nilimweleza jinsi ya kulishika na uso wa kuvaa, maana katika fani hiyo nina uzoefu. Akasema haisaidii, ameshamwambia mama yake, na mama yake amesema atakuja.

Kumbe alikuwa amepitia kwanza jikoni, akamwambia wakati dada anasonga ugali. Dada hakuacha kusonga. Alisema, "Kaseme," basi. Tangu siku ile akawa anamsemesha mwanawe kupitia kwangu, na sisi watatu tumekaa mkeka mmoja. Mwambie mwenzio maji ya kuoga yapo. Mwambie mwenzio asisahau dumu nje. Nami natafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili, huku binti anaitikia kwa kichwa.

Tulifanya mazoezi chumbani kwangu. Mimi nilikuwa machinga. Nilimwaga vipande vya vitambaa sakafuni, nikaita wateja. Binti akaniambia machinga gani anaomba radhi kabla ya kutaja bei. Yeye naye alikuwa mwenye duka wa ajabu, mpole mpaka anakaribia kunigawia duka lenyewe. Nikamuuliza hili ni duka au ni kituo cha kulelea yatima. Akacheka, na alipomaliza kucheka akaanza kusema kweli. Mwenye duka analipa kodi ya fremu yake hata mwezi ambao hajauza. Ana leseni. Mteja wake mtu mzima anaruka marundo ya nguo kama anavuka mafuriko ya Jangwani, akifika mlangoni ameshakasirika. Na moto ukiwaka humo ndani, watu watatokea wapi?

Nikaanza kuokota vitambaa vyangu pale sakafuni, kimoja kimoja. Miaka yote nilikuwa upande wa dada. Lakini nilikuwa upande wake nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, mtu ambaye hapiti njia yoyote. Ni rahisi sana kuwa na msimamo ukiwa hujatoka ndani.

Binti akaona nimekwama. Badala ya kufurahi akawa mnyonge. "Sasa, Anko, nikiyasema vizuri?"

Ndipo nilipoelewa kuwa hofu yake haikuwa kushindwa. Alihofia kuyasema vizuri mbele ya mama yake, halafu arudi naye nyumba moja.

Ushauri wa tumbo nikauacha. Nikamshonea koti. Niliunganisha mabaki ya suruali za sare, likatoka koti la mzee mwenye mali, refu, lenye mifuko miwili ya kuwekea mikono wakati wa kukataa kupunguza bei. Kofia hatukuwa nayo, nikampa ya marehemu babu yake, iliyokuwa imetulia kwenye sanduku langu.

Siku yenyewe niliongozana na dada. Alikuja moja kwa moja kutoka sokoni na mzigo wake kichwani, na njia nzima tulizungumzia bei ya nyanya. Darasani wakatuweka nyuma, kwenye madawati ambayo kitambi changu hakikupangiwa. Mwalimu akatangaza kwamba leo ni Kiswahili tupu, asiachwe mtu.

Machinga wao alikuwa msichana mmoja ambaye baba yake ana duka la vipuri mtaa wa Gerezani. Sijui alijifunzia wapi. Aliita wateja, akasifia, akabembeleza, akamfukuza mgambo kwa maneno matamu. Dada alimtazama kwa makini kama anayetafuta msaidizi. Akaninong'oneza, "Huyu anauza."

Kisha mwenye duka akaingia na kukaa. Koti lilimmeza, kofia ikamshukia masikioni, darasa likacheka. Hakucheka. Aliyasema yote, fremu, leseni, mteja anayeruka, moto. Aliyasema taratibu, bila ukali, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwetu. Wenzake wakaacha kucheka. Mimi sikuthubutu kugeuka kumwangalia dada. Niliangalia viatu vyake. Havikusogea.

Mwalimu akauliza kama kuna mzazi mwenye swali, na dada akasimama.

Alisimama kama wanavyosimama watu kwenye mkutano wa mtaa, akajifunga vizuri kanga kiunoni. Sharti alikuwa amelisikia: aulizwe mhusika, si mtoto. Na mhusika alikuwa mzee mwenye duka, amevaa kofia ya baba yake yeye dada. Sasa mtu mzima wa kwetu haanzi kuongea na mzee hivi hivi.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Darasa zima likageuka kumtazama binti. Hakuna mtoto pale ambaye hakuelewa. Kumjibu mama yake neno lile ni kitu kisichofanyika, na kutomjibu ni kibaya zaidi. Binti aliinuka kwenye kiti, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Mwalimu akasema kwa upole, "Mwenye duka, umesalimiwa." Dada alikuwa bado amesimama, hana haraka, uso wake umetulia kabisa, anasubiri kama anavyosubiri mteja afikirie.

Binti akairudisha kofia kichwani. "Marahaba," akasema. Ilisikika kidogo tu.

"Mzee, mimi nauza nguo za watoto hapo mbele ya duka lako. Hayo uliyosema nimeyasikia, na sina cha kubisha. Nauliza kitu kimoja. Mvua ikinikuta hapo na mzigo wangu, unanifanyaje?"

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Na mwenye duka halisi, yule wa vitambaa, alikuwa anamfanyaje, sikujua, na sijui mpaka leo. Dada hajawahi kusema.

Binti akafikiri. "Utaingia," akasema. "Lakini usisimame mlangoni, watu watashindwa kupita. Njoo mpaka ndani, uweke mzigo juu ya kaunta."

"Na ikikatika?"

Binti akaisukuma kofia nyuma kidogo. "Ikikatika utoke, mama."

"Nimekuelewa, mzee," dada akasema, akakaa.

Kurudi nyumbani tulitembea watatu. Mzigo aliubeba binti kichwani, juu ya ile kofia aliyosahau kuivua, na koti lake linafagia vumbi. Hakuna aliyezungumzia mkutano. Mimi nilijaribu nyanya, hazikushika.

Tulipoingia tu koridoni binti akasema, "Shikamoo mama." Dada akaitikia. Alipotua mzigo akasema tena, "Shikamoo mama." Dada akaitikia. Akaenda kunawa, akarudi, akasema tena, kama mtu anayerudisha kitu cha watu alichokaa nacho mchana kutwa.

Dada alikuwa ameshakaa kwenye kibao chake mbele ya jiko. Nikasogea kuchukua nafasi yangu ya ukalimani, nisikie leo mwenzangu aambiwe nini. Hakunitazama hata kidogo.

"Marahaba," akamwambia. "Haya, vua kofia ya babu yako, uje unimenyee vitunguu."

Nikarudi kwenye cherehani yangu.