Nta ya Kitanda cha Mama

Kwa miaka mingi nimekana kwamba kitanda kile nilikitaka mimi. Nilisema ni cha mama. Niliwaambia walimu wenzangu, nikamwambia mwenye nyumba wangu, na nikajiambia mwenyewe kila jioni nilipoinama na kipande cha msasa: mama yuko peke yake kule Goweko, umri umekwenda, inafaa aje akae na binti yake mjini. Leo umri wangu unaukaribia ule aliokuwa nao yeye wakati huo, na uongo huu umenichosha kuubeba. Aliyekuwa peke yake ni mimi.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Mama alikuwa amehamishwa kutoka shamba letu la zamani, ambako kwenda kuomba chumvi kwa jirani ilikuwa safari ya kuaga kabisa, akapewa kiwanja kwenye mstari wa nyumba mpya. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya historia, nimepangiwa kufundisha Tabora, na nimekodi vyumba viwili Mtendeni. Kimoja nililala mimi. Cha pili nilikiita cha mama, na ndani yake kulikuwa na ndoo.

Nilimtumia ujumbe kwa kina mama waliokuja na treni kuuza karanga: aje tukae pamoja. Jibu likarudi kwa kina mama haohao: atakuja tumbaku ikishavunwa. Nikaona nimepata muda wa kuandaa kitanda.

Fundi alinitengenezea cha mbao nyeupe, maana mninga wa maana ulikuwa hauonekani. Tuliambiwa umekwenda Dar es Salaam kukaliwa maofisini. Vanishi nayo haikuwepo. Siku hizo dukani ulimkuta muuzaji na rafu zake, mkasalimiana, ukarudi nyumbani.

"Kichukue hivyohivyo," fundi aliniambia. "Vanishi ikipatikana utakirudisha nikipake."

Lakini msomi hangoji vanishi. Nilitaka kiwe na rangi ya mninga, kama kile cha marehemu baba kilichopasukia kwenye tela siku ya kuhama. Nikaomba zahanati ya shule chembe za permanganeti, zile za zambarau za kuoshea vidonda. Ukizikoroga kwenye maji na kupaka ubao, kwanza ubao unakuwa kama vazi la padri wakati wa Kwaresima. Unashtuka, unajuta, unaketi chini. Kisha polepole zambarau inakufa na hudhurungi inazaliwa. Vidole vyangu navyo viligeuka, na wanafunzi wakaeneza habari kwamba mwalimu wa historia anavuta sigara.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane wa ukoo wa wafanyabiashara Waarabu, wa siku nyingi pale mjini. Kila alasiri aliketi barazani, na kazi yangu ya uani aliiona yote kupitia ukumbini.

"Mwalimu, hicho kitanda au bi harusi? Jana umekisugua, leo umekitia hina. Kesho utakifukiza udi?"

"Ni cha mama, bibi."

"Mama yako anakuja na bwana?"

Baada ya rangi, nta. Tabora hata ikikosa sukari haikosi nta. Na nta niliijua, au nilidhani. Chuoni nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu misafara, jinsi Wanyamwezi walivyobeba pembe na nta mabegani hadi pwani, na nilisifiwa. Ningeweza kukutajia kila kituo walicholala. Nilichokuwa sijui ni kwamba nta ya mzinga lazima ichemshwe na maji na kuchujwa mpaka asali yote imetoka. Mimi niliiyeyusha ilivyo, nikachanganya na mafuta ya taa, nikasugua kwa tambara mpaka kitanda kikang'aa.

Asubuhi sisimizi walikuwa wamepiga foleni kwenye mguu wa kitanda, foleni nzuri kuliko ya dukani. Mchana wakaja nyuki. Kwanza mmoja, akazunguka akaondoka. Kisha akarudi na ukoo.

"Mwalimu!" bibi alipiga kelele kutoka chumbani kwake alikojifungia. "Umemwalika mama au umealika pori zima?"

Hatimaye alitoka amejitanda kanga hadi machoni, chetezo mkononi, akakifukiza kitanda kwa udi wake wa Ijumaa. Nyuki wakaondoka. Nikakwangua nta yote kwa maji ya moto na mchanga, rangi ikatoka nayo, nikaanza upya.

Wakati huo tumbaku ilikuwa imekwisha kuvunwa. Mama akasema ngoja ikaushwe. Ilipokauka, ngoja ipangwe madaraja. Ilipopangwa, kwaya ya kanisa ilikuwa na sikukuu. Kila alipoahirisha niliongeza mkono mwingine wa nta, safari hii iliyochujwa. Unapaka kidogo, unaacha inyonywe, unasugua kwa kitambaa kikavu kwa mizunguko, kwa muda mrefu, mpaka ubao unapata joto chini ya kiganja kama mgongo wa mtu. Sikumwambia mtu yeyote jambo hilo la mgongo. Jumapili, wenye familia walipokuwa na familia zao, mimi nilisugua. Nilikisimulia kitanda habari za darasani. Hakikuwahi kunikatiza, tofauti na darasa.

"Hakijakauka tu?" bibi aliuliza siku moja, amesimama mlangoni.

"Bado kidogo."

Akapitisha kidole kwenye ubao wa kichwani, akakitazama kidole. Kilikuwa kikavu. Akanionea huruma, nikaona, na kwa hiyo akasema jambo jingine.

"Mpwa wangu anahamia mjini, anataka chumba. Mama akija, chumba ni chake, sina neno. Asipokuja nijue. Mwisho wa mwezi, mwalimu."

Basi ikabidi niulize kwa uwazi. Goweko hakukuwa na simu ila ya reli, na stesheni masta wa Tabora alikuwa na binti darasani kwangu. Alikubali, kwa kunong'ona, kwamba Jumamosi asubuhi kukiwa kimya nitazungumza dakika chache. Nikampelekea mama habari: aende stesheni tuzungumze, maana bibi mwenye nyumba anakitaka chumba.

Nilivaa gauni la kazini, kana kwamba ataniona. Stesheni masta akazungusha mkono wa simu, akaita, akanipa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Nakusikia! Jamani, namsikia!"

"Mama, kitanda kiko tayari. Chumba kipo. Njoo."

"Kitanda ninacho, mwanangu."

"Lakini huko uko peke yako."

Nikamsikia akitafsiri maneno yangu kwa Kinyamwezi kwa mtu aliyekuwa pembeni yake. Kicheko kilichotoka kwenye simu hakikuwa cha mtu mmoja. Kilikuwa cha chumba kizima.

"Peke yangu? Nusu ya mstari wetu wamenisindikiza kuja kukusikia. Asubuhi sijanawa uso, wameshanipigia hodi kila mmoja na salamu yake ya mwangaluka. Miaka yote ile shambani nilikuwa nasemeshwa na kuku. Nitawaachaje watu hawa?" Akashusha sauti. "Na wewe hapo, umesindikizwa na nani?"

Nilimtazama stesheni masta. Alikuwa ameinamia karatasi zake kwa bidii ya mtu anayejitahidi asisikie.

"Niko na stesheni masta," nikasema.

Mama hakutafsiri.

"Mpe bibi wa watu chumba chake," alisema. "Na wewe njoo Jumamosi ijayo. Tutalala wote kwenye kitanda changu cha kamba, kinatosha."

Nilitaka kumwambia kwamba nimekuwa nikimtaka aje kwa sababu yangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Stesheni masta akainua kidole, akaomba radhi: treni ya mizigo ilikuwa inaomba njia, na simu ilihitajika.