Kiungo Chini ya Kiti cha Nyuma

Saa nne asubuhi, mwanamke mmoja amepiga magoti ndani ya gari dogo la rangi ya maziwa, anapitisha uzi mwekundu. Uzi unaanzia chini ya kiti cha dereva, unateleza chini ya zulia, unafuata ukingo wa mlango na kupotea kuelekea buti. Jua limeingia kwa kioo cha nyuma, vumbi linaelea humo polepole, naye anavumisha puani wimbo usio na maneno. Milango yote minne iko wazi. Ukimwona hivyo utadhani anashona gari.

Hutakuwa umekosea sana. Mtaani wanamwita Fundi Uzi, na kabla ya kushika koleo na spana alishona nguo kwa miaka kumi na minane. Siku hizi anafunga redio, spika na amplifaya, kile kisanduku kinachoupa muziki nguvu. Wiki njema hupata magari matano. Wiki mbaya hupata moja, na siku zinazobaki hufagia banda ambalo tayari ni safi.

"Wateja wageni wananiuliza fundi yuko wapi," anasema. "Nawaambia kaenda kunywa chai, mimi nawashikia banda tu. Wakirudi wanakuta gari linaimba. Hapo sasa hawajui pa kuficha uso."

Mwenye gari la leo ni mwalimu mstaafu. Miguu yake mirefu imechoka kugombana na amplifaya iliyofungwa chini ya kiti, na anataka ihamie kwenye buti. Kwa hiyo waya wa umeme unaotoka kwenye betri lazima urefushwe, pamoja na ule wa hasi, unaofungwa kwenye bati la gari. Mwalimu alidhani ni kazi ya dakika kumi.

"Si unaongeza kipande tu, fundi?"

"Mwalimu, ulikuwa unasahihisha mtihani kwa dakika kumi?"

"Inategemea darasa," anajibu Mwalimu, kisha anatafuta stuli na kukaa.

Fundi Uzi hakisii urefu. Hupitisha uzi kwanza, kona kwa kona, kisha huulaza juu ya waya na kuongeza shubiri moja, kama pindo la gauni la mtoto anayekua. Waya mzima usio na kiungo ndio bora, na Mwalimu aliambiwa hivyo mapema. Ila huu wa zamani ni shaba nzuri, na aliyeufunga aliacha ziada ndefu ikiwa imekunjwa chini ya kiti. Dukani kimepatikana kipande cha unene uleule. Kingekuwa chembamba hata kidogo, anasema, asingekigusa.

Kabla ya yote amekwisha kufungua ncha ya hasi kwenye betri. Sasa anabana ncha mbili ndani ya kiungo cha shaba, anavuta kwa nguvu zake zote, anavuta tena, kisha anavisha mpira unaosinyaa ukipata joto. Kwenye buti anakwangua rangi mpaka bati ling'ae ndipo afunge waya wa hasi, ambao nao ameurefusha kwa dhiraa moja ya waya mnene kama mwenzake. "Umeme unaokwenda lazima urudi," anasema. "Ukiupa njia pana ya kwendea na kichochoro cha kurudia, utakasirika." Fyuzi anaiweka shubiri mbili tu kutoka kwenye betri, ili waya ukichubuka popote, ikatike yenyewe kabla gari halijaanza kuota moto.

Neno moto analitamka kwa sauti ya chini. Mumewe ameketi kwenye benchi mlangoni mwa banda, mikono juu ya magoti, na viganja vyake vina makovu yanayong'aa.

Wateja wa zamani bado wanamwita Fundi Mkubwa. Banda lilikuwa lake. Miaka sita iliyopita mteja mwenye haraka alimhimiza, naye akaongeza kipande chembamba kilichokuwa kimebaki, akakisokota kwa vidole na kukizungushia tepu nyeusi chini ya zulia. Fyuzi karibu na betri hakuweka. Akalitoa gari barabarani mwenyewe kulijaribu. Moshi ulipotoka chini ya kiti, aliingiza mikono yote miwili kuung'oa ule waya.

"Nilijua ninachofanya si sawa," anasema bila kuzunguka. "Nilijua, nikafanya. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mikono."

Alilala hospitali wiki kumi na moja. Alipotoka, alikataa gari la kumrudisha nyumbani, akatembea saa mbili. Tangu siku hiyo hajaketi ndani ya gari lolote. Mkewe aliuza cherehani, akanunua vifaa, akawa mikono yake: mume aliketi benchini akieleza, mke akatenda. Ndoa yao, wanakiri wote wawili, ilipata misukosuko kwa sababu ya spana.

Lakini binti yao ameolewa mji ulio mbali, safari ya saa sita kwa barabara. Amejifungua mtoto wa kike, sasa ana mwaka mmoja na nusu. Babu hajawahi kumshika.

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, ndiye mimi," anasema Fundi Mkubwa. "Nikishika kitasa, nasikia ile harufu."

Kazi moja bado ni yake. Muziki ukishapigwa nusu saa, yeye ndiye hupima kiungo kama kimepata joto. Viganja vyake havisikii tena moto wala baridi, kwa hiyo hupima kwa shavu. Siku zote huinama kutoka nje, huegemeza uso pale kiungo kilipo, husema "poa" au "fungua", kisha hurudi benchini.

Leo ncha ya betri ikisharudishwa, Mwalimu anawasha muziki. Ni gita tu, taratibu, na besi inayotembea chini yake. Sauti inajaa bandani hadi mabati ya paa yanatetemeka kidogo, na mpita njia mmoja anasimama akiwa na ndoo yake, amesahau alikokuwa anakwenda. Nusu saa inapita kama usingizi wa mchana.

Fundi Mkubwa anainuka, anainama mlangoni, ananyoosha shingo. Hafiki.

"Mama, kiungo umekiweka wapi?"

"Chini ya kiti cha nyuma, katikati."

"Kwa nini huko?"

"Pakavu. Hapakanyagwi. Mto wa kiti nimekwisha kuutoa."

Yote hayo ni kweli. Ni kweli pia, kama alivyomnong'oneza mwandishi wa makala haya asubuhi, kwamba kiungo kingeweza kukaa salama karibu na mlango. "Kazi sijaidanganya," alisema. "Nimemdanganya mume wangu kidogo tu."

Mzee anamtazama mkewe. Amekwisha kuelewa, miaka thelathini ya ndoa si mchezo. Mwalimu anajifanya anasafisha miwani. Kisha Fundi Mkubwa anashika fremu ya mlango, anaingiza goti, anaingiza la pili, na kulaza shavu lake juu ya kiungo. Anafumba macho. Gita linaendelea.

"Poa," anasema.

Hatoki. Mkewe anarudisha upesi nusu moja ya mto, naye anajiinua na kukaa, mguu mmoja ndani, mwingine bado umekanyaga sakafu ya banda. Fundi Uzi anajifuta uso kwa kanga ya kazi na halifichi chozi.

Mpango wao, anaeleza, hauna haraka. Jumamosi Mwalimu atakuja awaendeshe hadi mwisho wa mtaa, milango ikiwa imefungwa. Wiki itakayofuata, hadi kituo cha mafuta. Saa sita za barabara watazifikia, hata kama ni mwakani.

"Tukimpigia binti yetu kwa video, yule mtoto anaigeuza simu," anasema, "anamtafuta babu yake kule nyuma ya simu. Mimi nataka siku moja akigeuza, amkute."