Muziki Ulioandikwa Majina ya Watu

Habari ilinikuta Jumanne asubuhi kwenye kituo cha basi, Braamfontein, huku Afrika Kusini. Shemeji, mke wa rafiki yangu, alipiga simu mwenyewe. "Shem, mwenzako ametuacha. Alilala tu, hakuamka." Kisha akaniuliza kama nimeshakunywa chai, maana ndivyo alivyo yule mama, hata siku ya msiba wake. Basi langu likaja, likaondoka, nami nikabaki pale nimeshika simu. Wasomaji wangu wa kila wiki mnanijua. Nimeshaandika humu kuhusu mashimo ya barabarani, bei ya unga na waheshimiwa wetu, na kote huko sikukosa la kusema. Kwa huyu nililikosa siku tatu nzima.

Aliyetutoka alikuwa kiongozi na mtunzi wa bendi ya chuo kimoja kule Doornfontein. Ni Mtanzania, mtoto wa Morogoro, aliyeoa binti wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa uhamishoni huko. Wakwe waliporudi kwao, naye akafuata na tarumbeta lake. Nilimfahamu mwaka 2008, tulipopanga nyumba jirani Troyeville, mwaka ambao sisi wageni tulikuwa tukizungumza Kiswahili chinichini mitaani kwa kuogopa kushambuliwa. Yeye hakupunguza sauti. Kila Jumamosi asubuhi alinipitia kwa gari tukaenda mazoezini, nami nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikijidai naandika makala. Nilikuwa na furaha mle ndani, na sioni haya kulisema.

Sasa sikilizeni alivyofanya kazi. Watunzi wengine, juu ya kila karatasi ya mpigaji huandika jina la ala: tarumbeta la pili, tromboni ya kwanza. Yeye aliandika jina la mtu. Kila mwaka aliutunga upya wimbo wa kuwaingiza wahitimu ukumbini, kwa penseli, akimpimia kila mwanafunzi kama fundi cherehani anavyompimia mteja. Alikuwapo binti mmoja wa Soweto, mpiga tromboni, ambaye noti tano zilimtii na zilizobaki zilimkimbia. Akamwandikia hizo tano tu, tena akaziweka katikati ya wimbo, mahali ambapo wengine wote wananyamaza. Nikamwambia amsukume binti ajifunze zaidi, asimdekeze. "Atajifunza Jumatatu," akanijibu. "Siku ya mahafali mama yake atakuwa amekaa safu ya tatu. Nikimwandikia noti ya sita, itamwaibisha mbele ya mama yake." Siku ilipofika, yule mama alisimama akapiga vigelegele toka noti ya kwanza, na sidhani kama kuna aliyeisikia ya nne.

Mwanafunzi akihitimu, aliondoka na karatasi yake kama zawadi. Nakala haikubaki. Wala hapakuwa na karatasi kuu inayoonyesha sauti zote kwa pamoja. Hiyo ilikuwa kichwani mwake. Hapo ndipo tulipogombana miaka yote sita ya urafiki wetu. "Bwana wee, siku ukifa na muziki unakwenda nawe," nilimwambia. "Mali bila daftari huisha bila habari." Akacheka. "Daftari lipo, mwandishi. Linatembea tu." Nilikasirika kweli. Nikaona ni kiburi cha wasanii.

Mwaka 2012 nikaamua kumwokoa kwa nguvu. Wakati wa chai nilizikusanya karatasi zote kimyakimya, nikazipeleka kwa mchapaji, zikarudi safi, zimepangwa kwa majina ya ala. Jumamosi iliyofuata nikazigawa huku nikitabasamu. Kijana mmoja wa tarumbeta akageuza yake huku na huku, akasema, "Eish, sir, hapa mimi niko wapi?" Mwenzangu hakunikaripia. Alitoa penseli, akapita kiti hadi kiti akiandika majina juu ya uchapaji wangu. Wiki iliyofuata akanikabidhi karatasi yenye jina langu: vipimo sitini vya kuhesabu kimyakimya, kisha pigo moja la pembetatu ya chuma. "Chukua yako," akasema, "usizichezee tena za wenzako." Bendi ilicheka hadi machozi. Mimi nilinuna, nikaitia kwenye mfuko wa koti la suti, na sikuipiga hata mara moja.

Sauti moja tu haikubadilika mwaka hata mwaka: besi. Ilipigwa na mlinzi wa geti la chuo, Mrundi aliyejifunza tarumbeta kubwa la besi kanisani kwao Bujumbura. "Wanafunzi ni wapangaji, watahama," kiongozi aliniambia. "Mwenye nyumba ni huyu." Nililisikia hilo bila kulitilia maanani.

Ijumaa, kesho yake ikiwa mazishi, shemeji alipekua madawati yote akitafuta nyimbo za mumewe. Alikuta karatasi tupu na penseli. Nilijua tangu zamani kwamba itakuwa hivyo, na sikufurahia hata kidogo kwamba nilisema kweli.

Jumamosi wakaanza kufika kanisani, kutoka Durban, Polokwane, Soweto, wahitimu wa miaka mbalimbali, kila mmoja na ala yake na karatasi yake. Wakatazamana. Kila mwaka ulikuwa na wimbo wake, wangepiga upi? Mlinzi, aliyekuja na sare yake ya kazi, akakaa akaipakata besi yake. "Miye naanza," akasema. "Kila mutu aingie kwa karatasi yake."

Nao wakaingia, mmoja mmoja. Siwadanganyi kwamba ilikuwa safi. Matarumbeta mawili yaligongana mpaka moja likampisha mwenzake. Lakini nyimbo za miaka yote zilikaa pamoja, maana zote zilishonwa juu ya besi ile ile. Katikati wakanyamaza, na yule binti wa Soweto, sasa mwalimu wa shule, akapuliza noti zake tano. Nililia, tena kwa raha.

Hapo mlinzi akanielekezea kidevu kwenye kiti kitupu. Pembetatu ilikuwa pale. Koti nililovaa lilikuwa lile lile la suti, na karatasi bado imo mfukoni. Nikaanza kuhesabu, hesabu ikanipotea, na mlinzi alipoona hivyo aliirudia besi yake mara ya pili, akanisubiri. Nikapiga.

Ndugu zangu, nilimhubiria daftari miaka sita, kumbe nilikuwa ukurasa mmojawapo. Ukimfanyia mtu kazi, mpimie yeye mwenyewe na uiandike jina lake. Ataitunza hata akiwa amekununia.